Namna ya Kumchonga Marehemu Fundi kwa Hatua Nane

Mwongozo huu umeandikwa kwa yeyote aliyefiwa na fundi wa mbao za mawimbi, zile mbao ndefu ambazo watu wa Hawaii, California na Australia husimama juu yake na kuteleza na wimbi mpaka ufukweni. Sharti fundi huyo awe alikuwa rafiki yako na mwalimu wako pia. Kama alikuwa fundi tu, tuma rambirambi kwa simu. Kama alikuwa rafiki tu, lia kama watu wengine. Lakini kama alikuwa vyote viwili, na familia imekuteua useme neno, una shughuli. Unatakiwa kumchukua mtu aliyekukatalia kazi mwaka baada ya mwaka, na kabla ya Jumamosi umgeuze malaika wa kusomwa mbele za wageni.

Usiogope. Kazi yenyewe alikufundisha. Ubao wa mawimbi hautengenezwi kwa kuongeza. Unaletewa gogo la povu gumu, nene na pana kuliko haja yako, nawe unaondoa kila kisichokuwa ubao. Marehemu naye huchongwa vivyo hivyo. Mimi nimefiwa na wangu (jina silitaji, maana angetaka kwanza kujua nani kanipa ruhusa), nikazisikiliza hotuba zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na hapa nimekusanya mbinu za waliofanikiwa.

Vifaa: picha moja ambayo marehemu anatabasamu (ipo moja, mpigaji alimshtukiza), shati la maua, methali mbili za bahari, na hadhira ambayo haijawahi kuingia karakana yake. Kifaa hiki cha mwisho usikidharau. Waliowahi kuingia watakuharibia kazi.

Hatua ya kwanza: Chagua gogo kubwa

Wahawaii wa kale walianza na mti, koa au wiliwili. Kabla ya kuukata, fundi aliweka samaki mwekundu aitwaye kumu penye shina. Mti ukishaanguka, alichimba shimo kwenye mizizi akamfukia samaki humo kwa dua. Baadaye ikaja balsa kutoka Ecuador, nyepesi hata mtu akaubeba ubao wake kwapani bila kuita jirani. Kisha mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark, wa California, wakafaulu kupika povu la poliyurethani lenye kufaa kuchongwa, na tangu hapo fundi hakuhitaji samaki. Alihitaji namba ya simu ya Clark. Karakana nyingi za Marekani zilimtegemea mtu huyo mmoja kwa miongo kadhaa, mpaka tarehe 5 Desemba 2005 alipofunga kiwanda ghafla, magogo yakaadimika na bei zikapaa.

Kwenye hotuba, gogo lako ni muda. Kama mlijuana miaka michache, sema “tangu enzi za Clark”. Hakuna atakayekuuliza, kwa sababu kila anayengoja maikrofoni ana gogo lake alilolinenepesha. Ukimwona mzee wa safu ya nyuma anaanza kuhesabu kwa vidole, harakisha.

Usiseme kwamba mwanzo wako ulikuwa ufagio. Unga wa povu ni mweupe na mwepesi. Unaingia masikioni, unaingia kwenye kahawa, unalala juu ya kila kitu. Mwanafunzi haruhusiwi kugusa randa kabla hajajua kuufagia, na fundi humtazama anavyofagia, kwani asiyeuona unga uliobaki kwenye kona hatauona mbonyeo ulio kwenye ubao. Yote hayo yafupishe kwa sentensi moja: “Alinipokea kama mwanawe.” Hutakuwa umesema uongo. Mwana naye hufagia.

Hatua ya pili: Tumia kigezo cha kuazima

Kigezo ni kipande cha plaiwudi chenye umbo la nusu ya ubao. Unakilaza juu ya gogo, unachora upande mmoja, unakipindua, unachora wa pili, na pande zote mbili zinatoka sawa. Kila fundi ana vigezo vyake vimetungikwa ukutani kwa misumari, vimeandikwa mwaka na jina la mteja wa kwanza. Baadhi alirithi kwa mwalimu wake, akavipunguza nywele mbili hapa na kuviongeza pale kwa kuhamisha tu penseli. Ukivitazama kwa pamoja unayaona maisha yake yote: mwaka alioamini pua pana, mwaka alioacha kuiamini.

Hivyo viache ukutani. Chukua kigezo cha msibani, kinachopatikana bure: “Marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu, na aliipenda sana bahari.” Uzuri wa kigezo hiki ni kwamba kinaenea kila gogo. Kinamfaa mvuvi, kinamfaa mkurugenzi wa bandari, kinamfaa hata mtu aliyeiona bahari mara moja akiwa kwenye basi.

Atatokea mtu wa kukusumbua kwa mfano wa Bob Simmons. Huyo alikuwa mtu wa hesabu huko California, aliyepitia chuo cha Caltech, mkono wake mmoja ukiwa umelemazwa na ajali ya baiskeli. Alichonga mbao za mkia mpana kwa kufuata kanuni za vyombo vinavyokimbia juu ya maji, akafa mwaka 1954 akiwa kwenye mawimbi ya Windansea akiwa na miaka 35. Zaidi ya nusu karne baadaye mafundi waliufupisha ubao wake, wakauita kwa jina lake, na vijana wanateleza nao hadi leo. Mjibu msumbufu huyo kwamba Simmons aliachiwa mkia wake ulivyo kwa sababu hakuwa na kamati ya mazishi yenye bidii.

Hatua ya tatu: Zima taa za pembeni

Chumba cha kuchongea hupakwa rangi nzito, mara nyingi bluu, na taa zake ndefu hufungwa kwenye kuta mbili za ubavuni, kimo cha kiuno hivi. Za darini hazisaidii. Povu ni jeupe, na mwanga ukitoka juu kila kitu kinaonekana laini. Mwanga ukitoka ubavuni, kila bonde na kila nundu hutupa kivuli, hata ile ambayo kiganja hakijaigundua. Fundi husimama kwenye ncha ya ubao, hufumba jicho moja, na kulinganisha kivuli cha kushoto na cha kulia. Wa kwangu alikuwa na neno moja tu la kutoa hukumu, nalo ni “mh”. Lilikuwa na daraja tatu, na ilinichukua muda mrefu kujua kwamba hakuna hata moja iliyomaanisha “vizuri”.

Kwa sababu hiyo, hakikisha hotuba yako inasomwa chini ya taa za darini. Vifuatavyo hutupa kivuli na visitajwe:

Kwamba aliwaambia wateja “wiki sita”, na wiki zake zilihesabiwa kwa kalenda ambayo hakuna aliyepata kuiona.

Kwamba mteja akisema ana kilo 75, fundi alimtazama tumbo, akaandika 84. Mteja akisema amekwishabobea, fundi alimuuliza mara ya mwisho aliingia majini lini, kisha akamwongezea unene ubao bila kumwambia. Mteja alirudi mwezi uliofuata akijisifu jinsi alivyoendelea.

Kwamba alimkatalia ubao mwembamba kijana aliyekuja na pesa mkononi, kwa sababu kijana alitaka ubao wa bingwa aliyemwona kwenye video. “Bingwa ana miguu yake,” alimwambia, na pesa zikaondoka na mwenyewe.

Ukilazimika kugusia lolote kati ya hayo, sema “alikuwa na misimamo”. Chini ya taa ya juu, maneno hayo hayana kivuli.

Hatua ya nne: Ulizia randa mapema

Mafundi wa kizazi chake waliabudu randa ya umeme aina ya Skil 100. Ilitengenezwa kwa ajili ya maseremala, lakini ina mkono wa mbele unaobadilisha kina cha kukata huku mashine inakwenda. Unaingia kwa pua ukikwangua kidogo, unazama katikati, unaibuka mkiani, vyote kwa mwendo mmoja bila kusimama. Kiwandani haitoki tena. Zilizobaki husakwa, hufumuliwa, huundwa upya, na hufungiwa kabatini kwa kufuli.

Hapa adabu inahitajika. Usimwendee mjane kabla ya chai kumiminwa. Mkaribie taratibu, mshike mkono kwa mikono miwili, useme: “Pole sana, shemeji. Alikuwa kama kaka yangu.” Nyamaza kidogo. Kisha: “Aliwahi kuniambia, siku yoyote likitokea la kutokea, ile randa…” Malizia kwa macho. Kumbuka tu kwamba shemeji ameshashikwa mkono hivyo na watu wanne tangu asubuhi, na wote waliambiwa na marehemu.

Ukiipata, iweke sebuleni. Usijaribu kuitumia mbele ya watu. Randa inahama na mwenye nayo, mkono hauhami.

Hatua ya tano: Laza kingo zote

Hii ndiyo hatua yenye ufundi, kwa hiyo soma polepole.

Ubao una kingo mbili, na kila ukingo hubadilika kadiri unavyoufuata. Maeneo ya katikati fundi huufanya wa duara. Maji hupenda mviringo, huukumbatia na kuufuata, na kukumbatia huko ndiko kunakoushikisha ubao kwenye ukuta wa wimbi. Lakini ukikaribia mkia, anaacha pembe kali upande wa chini. Maji yakifika kwenye pembe hayana pa kujipindia, yanaachia, na ubao unachomoka. Ukingo wa mkia ukiuzungusha kwa ule mviringo wa katikati, maji yataung’ang’ania ubao mpaka nyuma kabisa, na mwenye ubao atakuwa anavuta bahari nzima. Kwa macho, ubao huo unapendeza kuliko mwingine wowote dukani. Ni laini kila mahali. Hauendi.

Kwa hiyo chukua msasa, na umpitishie marehemu kila mahali.

Anza na kisa hiki, maana utakisikia. Mwanafunzi mmoja wa karakana yetu alimaliza ubao usiku, akauacha juu ya meza ya kuchongea, akaenda kulala akiwa na furaha. Asubuhi akaukuta umekatwa vipande viwili kwa msumeno. Fundi alikuwa ameuona mkia umepinda, na aliona ukiachwa mzima mwanafunzi atajaribu kuuokoa, apoteze wiki nzima kuificha kasoro badala ya kuielewa. Pembeni ya vile vipande palikuwa na gogo jipya. Bei ya gogo lile fundi alilipa mwenyewe, katika miezi ambayo kodi ya karakana ilikuwa haijalipwa, wala hakusema. Tulijua baadaye, kwenye stakabadhi.

Msibani kisa hiki kilisimuliwa hivi: “Alikuwa mkarimu, alitupatia hata magogo bure.” Msumeno ulikuwa umepigwa msasa. Watu walitikisa vichwa kwa upole, na mimi nikaona mtu nisiyemfahamu akishangiliwa. Magogo ya bure hutolewa na wafadhili. Huyu alikuwa mtu aliyeukata ubao wako kwa mkono mmoja na kukuwekea mwingine kwa mkono wa pili, na ukiondoa mkono wa kwanza, wa pili haukufundishi kitu.

Lakini huu ni mwongozo, na mimi nisikupotezee muda. Laza kingo.

Hatua ya sita: Mimina gundi haraka

Ubao uliokwisha kuchongwa bado ni povu tupu, na kidole gumba kinaubonyeza. Hapo huingia mtu mwingine, anayetandika kitambaa cha fibaglasi na kumimina rezini. Akishatia kigandishi ana dakika chache tu za kuivuta gundi na kuisawazisha kabla haijashikana. Baada yake yupo wa kupiga msasa. Baada yake, wa kupachika mapezi. Ubao hupita mikono mingi, na jina linaloandikwa juu yake ni moja.

Mtu wa gundi wa fundi wako yupo msibani. Amekaa safu ya mwisho, karibu na mlango, vidole vimekakamaa kwa kazi. Alifanya naye kazi tangu wote wawili wana nywele. Yeye ndiye anayejua alivyokuwa akikohoa, na ni mara ngapi alimwambia avae barakoa, maana barakoa ile fundi aliwalazimisha wanafunzi kuivaa, yeye mwenyewe akiitungika msumarini. Usimwite mbele. Ataharibu umaliziaji.

Kumbuka pia kwamba hadithi za msibani zina kigandishi chake. Ikifika hitima zimeshakuwa ngumu, na atakayetaka kurekebisha atahitaji mashine.

Hatua ya saba: Weka sahihi yako

Fundi huandika kwa penseli kwenye uti wa mti unaopita katikati ya ubao: urefu kwa futi na inchi, upana, unene, namba, jina lake, pengine na jina la mwenye ubao. Gundi ikishapita juu yake, maandishi hayafutiki. Marehemu aliyaandika madogo.

Wewe andika makubwa. Kabla ya arobaini, sajili jina lake kama chapa. Faili za maumbo yake zipo kwenye kompyuta, na siku hizi mashine hukata gogo kwa kufuata faili na kumwachia binadamu mguso wa mwisho. Mashine haina msiba. Inaweza kuendelea kutoa mbao “za marehemu” mpaka wajukuu. Zile alizochonga kweli zipeleke mnadani, zikatundikwe kwenye ukuta wa mtu asiyejua kuogelea.

Usiige mfano wa Simon Anderson wa Australia. Mwaka 1980 alipachika mapezi matatu yaliyolingana kwenye ubao mmoja, na mwaka 1981 akashinda nao shindano la Bells Beach. Leo ukienda mashindanoni karibu kila anayesimama kwenye wimbi amesimama juu ya wazo lake. Hakulisajili kwa hataza. Mafundi wa dunia nzima walilichukua, kila mmoja akaliboresha kidogo, na mchezo wenyewe ukabadilika. Hasara tupu.

Hatua ya nane: Msindikize majini

Mwisho kabisa, wafiwa huingia baharini na mbao zao, wanapiga makasia kwa mikono hadi nje ya mahali mawimbi yanapovunjika, wanatengeneza duara, wanashikana mikono, wanatupa maua, wanarusha maji juu na kupiga kelele. Desturi hiyo ilienea kutokea Hawaii katika karne ya 20. Wewe sema ni ya maelfu ya miaka.

Shika mkono wa jirani mmoja tu, wa pili unauhitaji kwa simu. Kelele zikiisha, litakuja wimbi la kwanza, na hapo utaona waliokuwa wameshikana mikono wakikimbizana kuliwahi. Usiwalaumu. Hapo, na pengine hapo tu kwa siku nzima, wanafanya jambo ambalo marehemu angelielewa.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefuata hatua zote, watu wamelia na wamepiga makofi. Mbona nahisi sijamsema?

Kwa sababu umechonga ubao laini kila mahali. Rudi kwenye hatua ya tano.

Wengi waliteta kwamba alikuwa mkali. Si ingekuwa aibu kulitaja hilo siku ya kumzika?

Mgala muue na haki yake umpe, na wa kwako hakuwa hata Mgala. Ukali wake ndio uliofanya ubao uachie maji. Kumtaja bila huo ni kumnyang’anya kazi yake.

Nimemaliza hotuba, nifanye nini sasa?

Mafundi wa mbao Gerry Lopez na Reno Abellira walipita mikononi mwa fundi Dick Brewer huko Hawaii mwishoni mwa miaka ya 1960. Brewer alifariki mwaka 2022, na wakati huo wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuwa walimu wa watu. Mbao za Lopez ni za Lopez. Alichokichukua kwa mwalimu ni jicho, na jicho halimo kwenye faili wala kwenye randa. Kwa hiyo fungua karakana yako. Mpe kijana ufagio. Washa taa za pembeni. Akikuletea ubao wake wa kwanza, simama kwenye ncha, fumba jicho moja, useme “mh”, na ukipinda, mkatalie.

Atanichukia?

Ndiyo. Na kesho yake, saa moja asubuhi, atakuwa mlangoni kuangalia kama umemwekea gogo jingine.